Fundi wa Maji wa Irene

Kwenye simu ya Irene Mghoi kulikuwa na fundi wa maji. Jina lenyewe liliandikwa hivyo, Fundi wa Maji Voi, na ukilitazama kwa haraka ungesema huyu dada ana nyumba huko kwao na mabomba yanamsumbua. Nyumba hakuwa nayo. Alikuwa na chumba kimoja Thornton Heath, Uingereza, juu ya duka la kinyozi, na bomba la chumba hicho likiharibika alimpigia mwenye nyumba, si mtu wa Voi. Fundi wa Maji alikuwa Tatiana.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana watu hupenda kurukia. Tatiana Mwakio ni mwalimu wa hisabati katika shule ya misheni, mwanakwaya, sauti ya pili, na ndiye mpenzi wa Irene kwa miaka kumi na miwili, tangu kabla Irene hajaja Uingereza kufanya kazi ya uuguzi. Wanawake wawili. Kwao jambo hilo lingemtoa Tatiana kazini kabla ya kengele ya saa nne, na huenda likamfikisha polisi. Kwa hiyo walijifunza kuficha, wakafuzu. Ujumbe unasomwa, unafutwa. Sauti inasikilizwa, inafutwa. Picha ya wawili peke yao hawakupiga hata moja. Irene alipokwenda likizo kila Disemba walisalimiana kwa mkono mbele ya watu, "Habari ya kazi, Mwalimu?" "Njema, Sista," kisha kila mtu na njia yake. Na kwenye simu ya Tatiana, Irene aliitwa Bima.

Sasa Irene, ambaye tayari alikuwa na ukaazi wa kudumu, alichoka. Siwezi kulipamba neno hilo. Alichoka kupika wali wa mtu mmoja. Alichoka kutoka zamu ya usiku na kisa kitamu cha mgonjwa mcheshi, halafu kisa kinakaa mpaka kinachacha kwa kuwa Tatiana yuko darasani. Alimtamani mtu wa kumwambia "sogea kidogo" kitandani. Hakuwa na makuu zaidi ya hayo.

Sheria ya Uingereza ilikuwa na mlango. Watu wa namna yao wangeweza kufunga ndoa, au kuandikishwa kwa msajili kuwa wenzi wa kiraia, bila kiapo wala wimbo, sahihi tu, na haki ya kuishi pamoja nchini ni ile ile. Irene alitaka ndoa. Tatiana akakataa.

"Neno ndoa lina wenyewe, na mimi bado naimba kwao," alisema. "Tuandikishwe tu. Jina la karatasi halinisumbui, mradi nikiamka nikuone."

Basi ikawa hivyo. Tatiana angeomba viza ya mchumba anayekuja kuandikishwa, na ndani ya miezi sita wangekwenda kwa msajili.

Ndipo Irene akapanda treni mbili na basi moja mpaka Southall, kwa wakili aitwaye Leena. Huyu alizaliwa Kisumu, baba yake akiuza vipuri vya baiskeli, na ingawa alihama akiwa msichana, Kiswahili chake alikuja nacho kizima. Alimkaribisha Irene kwa chai ya maziwa na bakuli la chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya dengu na karanga.

"Ofisi ya uhamiaji itataka kujua kama mapenzi haya ni ya kweli," Leena alisema. "Wapo wanaokuja na mapenzi ya kununua. Kwa hiyo niletee picha, barua, jumbe za simu za miaka yote."

"Hakuna," Irene akasema.

"Za mwaka mmoja basi."

"Hakuna, wakili. Tulifuta."

"Zote?"

"Kila siku."

Leena akavua miwani. Katika miaka thelathini ya kazi ile alikuwa ameletewa picha za kuunganishwa, barua za mapenzi za miaka mitano zilizoandikwa siku moja kwa kalamu moja, na wachumba wasiojuana majina ya mama zao. Waongo huja na mafaili mawili. Hawa wakweli walikuja mikono mitupu, kwa sababu walikuwa waoga, na uoga wao ulikuwa na haki. Aliomba simu ya Irene akaanza kuikagua mwenyewe.

"Huyu fundi wa maji ni nani?" akauliza. "Jana amekupigia mara tisa. Juzi mmeongea dakika mia moja na nne. Bomba gani hilo, dada, lisilozibika?"

Irene alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakakataa kuisha. Leena alimsogezea tishu, akamjazia kikombe, akangoja.

"Haya, simu tunazo," alisema baadaye. "Namba tutathibitisha ni ya Tatiana. Tiketi zako za Disemba zipo. Lakini fundi peke yake hatoshi. Hamna karatasi hata moja yenye majina yenu wote wawili?"

Ilikuwepo. Irene aliitoa mkobani ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki: kijitabu cha mazishi ya mama yake, cha miaka mitano iliyopita. Mama aliugua wakati ombi la ukaazi wa Irene liko ofisini, na akitoka nje ya nchi ombi linafutika. Hakwenda. Tatiana ndiye aliyemwogesha mama, akamlisha uji kwa kijiko, na siku ya kuzika akakaa mstari wa mbele. Irene alizika akiwa Thornton Heath, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Na ukurasa wa pili wa kijitabu ulisema: Marehemu ameacha watoto watatu, Lambert, Irene na Tatiana.

Kwetu hiyo ni heshima kubwa. Mtu akimuuguza mzazi wako namna ile humwandiki jirani, unamwandika mtoto. Irene alikuwa amekifungua kijitabu kile mara nyingi kuliko Biblia yake. Leena alikisoma mpaka mwisho, akakifunga.

"Karatasi pekee mliyo nayo inasema ninyi ni ndugu," akasema. "Huyo afisa hazijui mila zetu. Nikiiweka hivi hivi, ataniuliza mtu anaandikishwaje na dada yake. Nani aliyeiandika?"

"Kaka yangu, Lambert. Ni mzee wa kanisa."

"Basi yeye ndiye aandike barua, aeleze Tatiana ni nani kwako."

"Hajui."

"Mwambie. Mficha uchi hazai, Irene. Mmeficha vya kutosha."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Southall, chevda mezani. Irene alirudi nyumbani akakaa na neno lile siku tano. Lambert ndiye aliyeuza ng'ombe wawili ili yeye asomee uuguzi. Lambert ndiye aliyemfungulia geti kila Disemba, na nyuma ya geti lile ndipo lilipo kaburi la mama. Akimpoteza Lambert, amepoteza kwao. Asipomwambia, atampoteza Tatiana, tena bila ugomvi, mwaka mmoja baada ya mwingine, mpaka wazeeke kila mtu upande wake, wakifuta. Alimuuliza Tatiana, kwa kuwa kazi ya kuhatarishwa ilikuwa yake.

"Mwambie," Tatiana alisema. "Wakinifukuza, si nitakuwa na muda wa kufunga mizigo."

Jumapili baada ya ibada alimpigia kaka yake akamweleza yote bila kutua. Kisha Lambert akasema, "Nimekusikia," akakata simu.

Barua ilifika baada ya wiki tatu, imeletwa na muuguzi mwenzake aliyetoka likizo. Irene aliisoma amesimama kituo cha basi.

"Mimi Lambert Mwadime, kaka yake Irene, nathibitisha kwamba Tatiana si ndugu yetu wa damu. Mama alipokuwa kitandani alinitajia majina ya kuandikwa. Kwa Tatiana nilitaka kuandika rafiki wa familia. Mama alikataa. Alisema huyu ni wa Irene, na wa Irene ni wangu, andika mtoto. Sikuuliza zaidi kwa sababu nilielewa, na sikutaka kuelewa. Nathibitisha kwamba ni wenzi."

Nyuma ya karatasi, kwa penseli, palikuwa na maneno yasiyokuwa ya ofisi. "Nimeandika kwa sababu Mama alisema. Disemba hii usije. Nipe muda."

Mabasi matatu yalipita Irene akiwa pale pale. Mama alijua. Miaka yote ile ya kupeana mikono uani, mama akiwa jikoni anasonga kimanga cha muhogo na maharagwe, alijua na akanyamaza, na sasa hayupo wa kuulizwa. Na Disemba hakuna wa kufungua geti. Irene alililia hili na lile kwa pamoja, hakujua chozi lipi ni la lipi.

Leena alinakili upande wa mbele tu. Faili likaenda mwezi wa nne, na ndani yake simu za fundi, tiketi, kijitabu, na barua ya Lambert pamoja na tafsiri yake. Kilichobaki ni kungoja. Irene alinunua mto wa pili akauweka kitandani, akauondoa asijitie mkosi, akaurudisha.

Jibu lilikuja Jumatano mchana, Irene akiwa kwenye chumba cha mapumziko hospitalini na sahani ya viazi mbele yake. Simu ikatetemeka. Fundi wa Maji. "Wamekubali. Nakuja." Aliusoma ujumbe, kidole kikashuka chenyewe, kikabonyeza, ujumbe ukatoweka. Mazoea ya miaka kumi na miwili hayaombi ruhusa. Alibaki akitazama kioo kitupu, hata hana hakika kama alisoma alichosoma.

Akapiga. Tatiana alipokea akiwa nje ya darasa, watoto nyuma yake wakiimba jedwali la saba.

"Nimefuta," Irene akasema.

"Hata huu?"

"Hata huu. Nitumie tena. Na chini yake uandike jina lako."