Usukani Uliovuta Kushoto

Enzi zetu kompyuta ilivishwa nguo. Mama aliifumia ya kwetu kitambaa cheupe chenye maua pembeni, sawa na vile vya makochi, na kabla ya kuiwasha ulinawa mikono, ukakunja kitambaa, ukangoja. Mashine ilinguruma kama kinu cha posho. Ukipenda, unakwenda kunywa chai na kurudi. Watoto wa siku hizi simu ikichelewa kidogo tu wanashusha pumzi kama watu waliofiwa.

Tulikaa Nakuru, pembeni mwa mji, na ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Kakangu Ken alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na minne. Mwaka wa 2007 rafiki yake Manjit, ambaye babake aliuza spea za magari mjini, alimpa usukani wa kuchezea mbio za magari kwenye kompyuta. Ulikuwa wa zamani hata wakati huo. Plagi yake ilikuwa pana, yenye mistari miwili ya pini, na tundu lake ungelipata kwenye mashine kuukuu kama yetu tu. Uliubana mezani, pedali zikakaa sakafuni juu ya kipande cha zulia ili zisiteleze. Sebule ilinuka maziwa yaliyochemka na vumbi lililopashwa moto, na Ken alikata kona mdomo wazi, mwili mzima ukiinama, utadhani kiti chenyewe kinaenda.

Kisha ikaja Januari 2008, na vurugu za baada ya uchaguzi. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Shule hazikufunguliwa, Baba alikuwa amekwama Longonot alikofanya kazi ya reli, na kila asubuhi vijana wa mtaa walipita getini wakipiga mluzi kuwaita wenzao waende kupigana. Kila nyumba yenye kijana mwenye mabega iliujua mluzi ule. Mama aliogopa, wala hakuficha. Kumfungia Ken ndani hakuweza; alikuwa ameshampita urefu. Kilichomweka nyumbani ni usukani.

Na usukani, wiki hiyohiyo, ukaharibika. Gari lilianza kuvuta kushoto, likaingia mtaroni hata ukikunja kulia mpaka mwisho. Ken akaufungua kwa bisibisi juu ya gazeti. Ndani kulikuwa na kidude cha mviringo kinachozunguka pamoja na usukani, ndugu wa kile cha kuongezea sauti ya redio, na vumbi la Nakuru lilikuwa limejaa humo.

Kwetu kitu kikikwama kilikuwa na dawa moja: mafuta ya kukamulia ng'ombe. Yalipakwa kwenye chuchu za ng'ombe, midomo iliyopasuka, bawaba za mlango, hata viatu vya shule. Ken alichukua kopo la Mama akapaka humo ndani kwa kidole, bila huruma. Tulipowasha, ule msalaba mdogo wa kupimia usukani kwenye skrini, ambao hutakiwa kukaa katikati ya kisanduku chake, ulikimbilia pembeni ukabaki huko ukitetemeka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa, anatazama.

"Ken, umeua hiyo kitu," nikasema.

"Nyamaza, Shiro. Nitaitengeneza."

Siku ile nzima alipangusa kwa pamba na spiriti, akaitoa pia raba ya ndani iliyokuwa imelegea, akaweka kipande cha tyubu ya baiskeli mahali pake. Mluzi ukapigwa.

"Niaje, Ken! Toka twende!"

"Niko na kazi!"

"Kazi gani na hakuna shule?"

"Natengeneza kitu. Endeni, nitawapata."

Jioni msalaba ulikaa katikati na gari likaenda sawa. Mama hakufurahi nilivyotarajia. Alisema tu msemo wake wa siku zote, "Mtu ako na kazi hana miguu," akaenda kukamua.

Asubuhi usukani ulivuta tena kushoto. Ken akaufungua akakuta mafuta. Akasema ni mabaki yaliyojificha kwenye pembe, yanayeyuka joto likipanda, akasafisha upya. Kesho yake, vilevile. Niliona ajabu kidude kidogo namna ile kisiishiwe mafuta, lakini nani angemsikiliza dada mdogo? Mluzi ulipigwa, na jibu likawa lilelile, bado anatengeneza. Ikawa hivyo mpaka mluzi ukakoma. Mmoja wa wale waliokuwa wakiupiga, aliyekaa dawati moja na Ken, hakurudi nyumbani kwao. Ken alilia akiwa ameuegemea usukani, na Mama akakaa naye.

Barabara zilipofunguka Baba akarudi, shule zikaanza, na usukani ukapona. Haukuvuta kushoto tena.

Krismasi iliyopita tulikuwa Kabazi, alikohamia Mama kulima. Mwanangu alikuwa akijigamba na usukani wake mpya usio na waya. Mama, akimenya viazi, akasema bila kuinua uso kwamba yeye ndiye aliyekuwa akirudisha yale mafuta asubuhi, Ken akiwa bado amelala.

"Niliona vile yanaiharibu," akasema, "nikashukuru Mungu."

Ken alimaliza kutafuna kwanza.

"Nilijua, mathe. Kutoka siku ya pili. Ulikuwa unaacha skrubu zimelegea."

"Na mbona hukusema?"

"Na wale wangekuja, ningewaambia nini?"

Mama aliweka kisu chini. Hakumenya tena viazi siku hiyo, nilimalizia mimi.

Watoto wetu wana bahati, hilo sibishi. Vitu vyao haviharibiki ovyo, na kikiharibika kinatupwa, kingine kinaletwa na boda kabla chai haijapoa. Hawajui bisibisi inashikwa upande gani, nasi huwacheka. Lakini jioni ile, wote walipotoka nje, niliuchukua usukani wa mwanangu nikaugeuza juu chini. Umefungwa kiwandani, hauna skrubu hata moja. Mwanangu bado ni mtoto, ila mabega ya mjomba wake yameshaanza kujitokeza, nami nilikaa pale nikiupapasa, nikitafuta pa kupaka mafuta.