Mtoto wa Watu Niliyemuua kwa Kompyuta

Shule niliiacha darasa la nne, au niseme yenyewe iliniacha, maana mwalimu alisema abaki yeye au nibaki mimi, na yeye ndiye aliyekuwa na funguo. Kompyuta nilijifunzia Mbinga mjini, kwenye duka la fotokopi, nikianza kwa kufagia. Miaka miwili tu nikawa napiga chapa mpaka kibodi inatoa moshi. Mwezi wa sita, baridi ikikaza, watu walikuwa wanatoka Kitai kuja kuota moto kwangu.

Sifa zikafika parokiani kwetu, huku chini ziwani, upande wa Kihagara. Parokia ilikuwa na daftari la waumini ndani ya kompyuta, faili moja la XML aliloliandika mtaalamu mmoja, akahama. XML isikutishe. Ni majina kwenye vyumba. Linafunguliwa bano la mtu, ndani unakuta jina, kigango na hali yake, hai au marehemu, halafu bano linafungwa, anaingia mwingine. Mama, baba, watoto, familia kwa familia. Walitaka niwatolee orodha ya marehemu, isomwe kwenye misa ya Novemba ya kuwaombea wafu.

Faili lilikuwa zito, ukilipakia kwenye bodaboda tairi la nyuma linabonyea. Nikilifungua lote kwa mpigo, kompyuta inakata pumzi. Fundi mmoja wa Songea akanielekeza kwa simu.

"Usilibebe lote, bwana. Tumia kisomaji kinachopiga kelele."

"Kelele gani tena?"

"Kinasoma kipande kwa kipande, na kila kinachokutana nacho kinakuita. Mtu kafunguliwa! Jina hili hapa! Hali hii hapa! Mtu kafungwa! Kikishasema, kimesahau. Kukumbuka ni kazi yako."

Nikamwelewa palepale. Ni kama jirani mmbeya aliyekaa dirishani: kaingia, kasema hivi, katoka. Ukimuuliza aliyepita mwanzo ni nani, hajui, yuko kwa huyu wa sasa. Basi nikajitengenezea bendera humo ndani ya programu. Nikiitwa kwamba hali ni marehemu, bendera inapanda. Nikiitwa kwamba ni hai, inashuka. Bano la mtu likifungwa natazama bendera, ikiwa juu, jina linakwenda kwenye orodha. Mistari arobaini. Nilijiona profesa, nikakataa hata kula ugali kwa mkono siku hiyo.

Sasa kule kijijini kulikuwa na mama mmoja mjane. Mwanaye wa pekee alivuka kwenda Malawi kutafuta kazi, akapiga simu mara moja kusema amefika, basi. Miaka tisa. Shemeji yake, yaani baba mdogo wa yule kijana, kila mwaka alikuwa anamwambia, "Shemeji, tumlie mtoto, tumalize." Mtumbwi wa kijana ulikuwa nyuma ya nyumba ya mama, umefunikwa mabati, na huyo baba mdogo alikuwa anautazama kama paka anavyotazama dagaa walioanikwa. Mama hataki. Maadamu kijana hajaliliwa, mtumbwi ni wake na yeye ni mzima.

Tulimfanyia utani, sisi watu wazima na akili zetu. Mimi ndiye nilikuwa fundi wa utani huo. "Mama, mwanao kanipigia! Anakuja na meli yake mwenyewe, ina orofa nane!" Alikuwa ananitukana matusi ya kuchubua ngozi. Ila kila mara, kabla ya tusi, alikuwa anainuka kidogo kwenye mkeka.

Katekista alipopita nyumba kwa nyumba kuandikisha, alimuuliza mwanaye ni hai au marehemu.

"Wewe unajua?" mama akamwambia.

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui. Acha wazi."

Katekista akaacha wazi. Hilo mimi nilikuja kuambiwa baadaye.

Siku ya misa nilishuka na orodha yangu imepigwa chapa, nikakaa benchi la mbele kama bwana harusi. Katekista akasoma. Kila familia ikitajwa, watu wake wanasimama. Akafika kwa yule mama, akasoma jina la mume wake. Mama akasimama. Halafu, bila kuvuta pumzi, akasoma jina la mwanaye.

Mama hakulia. Aliuliza, kwa sauti ya kuuliza bei ya sabuni, "Nani kawaletea habari?"

Katekista akatazama karatasi, akanitazama mimi. Baba mdogo akageuka kwenye benchi lake. "Wewe ndiye mtu wa kompyuta. Habari imetoka wapi?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Neno moja. Lakini kanisa zima lilikuwa linanitazama, na mimi nikitazamwa na watu zaidi ya watatu, mdomo unakuwa wa mtu mwingine.

"Kompyuta haingoji barua, baba," nikasema. "Ile imeunganishwa na Malawi, Msumbiji, mpaka Roma. Ikisema marehemu, imeona."

Wanawake wakapasuka kilio. Mama akakaa chini, pale sakafuni, kati ya mabenchi.

Walilia siku tatu. Mama alinyolewa nywele. Wakamsimikia kijana msalaba pembeni ya kaburi la baba yake, chini yake hamna kitu. Siku ya kuanua matanga wakagawana mashati yake, na mtumbwi ukatoka chini ya mabati ukaenda kwa baba mdogo, ambaye alishaununulia rangi hata kabla ya kilio kuisha. Mimi nilikula wali pale, nikawachekesha watu.

Niliporudi Mbinga, nikataka kujisifu dukani. Nikamwambia tajiri yangu, njoo uone kompyuta yangu ilivyokamata kifo cha Malawi. Nikafungua kipande cha familia ile. Baba: jina, kigango, hali marehemu. Kijana: jina, kigango, bano limefungwa. Hali hakuna. Ndani ya faili zima, ni yeye peke yake asiye na hali.

Basi kisomaji hakikuniita, kwa sababu hakikukuta kitu cha kuniitia. Na bendera, iliyopandishwa na baba yake, ilikuwa bado iko juu. Ilitakiwa niishushe kila bano la mtu linapofunguliwa. Mstari mmoja. Nikauandika, nikaendesha tena programu, yule kijana akatoka kwenye orodha. Tajiri akacheka mpaka akashika kaunta. "Umeua mtu kwa kusahau bendera!" Na mimi nikacheka. Halafu nikamwomba ruhusa ya siku moja.

Nikashuka tena ziwani. Mama nilimkuta anamenya muhogo, kichwa kimeanza kuota vijinywele vyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutuambia kafa nani?"

Nikamweleza yote, bendera, bano, mstari. Alinisikiliza bila kuacha kumenya.

"Kwa hiyo mwanangu yuko hai?"

"Sijui, mama."

"Kafa?"

"Sijui."

"Hiyo sijui ilikuwa yangu," akasema. "Nimeilea miaka tisa. Umeninyang'anya, umeila kwa wali, leo unanirudishia mifupa."

Akaniambia nikang'oe ule msalaba. Nikaung'oa mchana kweupe, watu wamejaa njiani, mmoja ananiuliza kama nimeanza biashara ya kuni. Baba mdogo akaja mbio.

"Mtumbwi haurudi! Kanisa lilisoma! Kuna misa ya kufuta misa?"

Katekista, tulipomwita, akatazama chini. "Kilichosomwa kimesomwa," akasema, akaomba udhuru ana mgonjwa wa kumtembelea.

Mwaka uliofuata wakanipa tena kazi ile. Programu ilikuwa safi. Bendera inashuka kila bano la mtu linapofunguliwa, naapa, nimeipima mpaka macho yamevimba kama nyanya. Nikaendesha. Jina la yule kijana likatoka, chini ya jina la baba yake.

Nikafungua faili. Pale palipokuwa wazi pamejazwa. Nikapiga simu ofisi ya parokia, wakanijibu kuwa baba mdogo alifika mwenyewe, kama msemaji wa ukoo, akataka daftari likamilishwe.

Ningeweza kulifuta lile jina kwa kidole, lakini nililipiga chapa. Kompyuta haikukosea safari hii, nikajiambia, mimi nani.

Nilipeleka orodha, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Mama alikuja. Katekista alipomaliza familia ya jirani yake, kabla hajafungua mdomo kwa jina la mume wake, mama alinyanyuka, akafunga kitenge, akatoka nje. Alinipita pale nyuma karibu sana, harufu ya muhogo mbichi ikanipata. Majina mawili yakasomwa. Aliyesimama kwa ajili yao alikuwa baba mdogo.