Mstari Mweupe Kwenye Mkia wa Herufi

Nilikuwa juu ya ngazi mtaani Fordsburg, ugenini, naandika "Nyama Halali" kwenye ukuta wa bucha. Mwenye bucha, Mzanzibari, alisimama chini na karatasi aliyoichapisha kutoka kwenye kompyuta, yenye maneno hayohayo. Alitaka mwandiko uleule wa karatasi, wa brashi, herufi zimelala na mikia mirefu, utadhani mtu kaandika mbio. Kila nilipoinua mkono alinisimamisha alinganishe.

"Eish, fundi, hiyo a siyo. Tazama hii."

Nilishuka kwa hasira nikamnyang'anya karatasi. Herufi a zote nne zilikuwa sawasawa, kitu ambacho mkono wa mtu hauwezi. Nilitaka kumwambia hivyo, mara nikauona mkia wa a mojawapo. Ndani yake ulipita mstari mwembamba mweupe, kama pale ambapo rangi ya brashi haikushika.

Kule Tanga, fundi aliyenifunza alitutaka kila mmoja akate nywele chache za brashi yake, mahali pake mwenyewe, pengo liache mstari na kazi yake ijulikane. Mimi nilikata kushoto, karibu na ukingo. Hivyo ndivyo nilivyoandika miaka yote kwenye kuta za mtaa wa Jeppestown, na waliosimama kupiga picha kwa simu niliwachekea tu, sikujua picha zingeweza kugeuzwa herufi za kompyuta.

Nikatazama juu. Kwenye a yangu mbichi, mstari ni uleule.

"Mwandiko huu ni wangu," nikasema.

Akautazama ukuta, akaitazama karatasi. Kisha akachovya kitambaa kwenye thina ya kuondolea rangi, akapanda ngazi mwenyewe, akaifuta a yangu.

"Kama ni wako, mbona huuwezi?"