Mama Si Gunia la Alizeti

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa saba, mama yangu alitoka chumbani akiwa amevaa sweta langu, amejifunga vitenge viwili juu ya gauni, na mkononi ameshika furushi. Nje ya geti palikuwa na bodaboda. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, napima unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nakwenda zangu Ilongero."

Nyumba yake ya Ilongero haikuwa na ukuta wa nyuma. Uliporomoka wakati wa mvua, na mahali pake tulitundika turubai. Fundi aliahidi kuanza kazi akimaliza kuvuna. Mtu aliyewahi kukaa Singida mwezi wa saba anajua upepo wetu unavyolifanya turubai, na mwaka uliotangulia mama alikuwa amekohoa mwezi mzima hata ukuta ukiwepo. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemleta kwangu Mwankoko, akaniachia sentensi moja tu: "Akirudi kule kabla ukuta haujasimama, tutaonana mimi na wewe."

Kwa hiyo niliweka kopo la unga chini.

"Kuna nini, mama?"

"Hapa hakuna chakula."

"Jana ulikula wali na maharage. Na parachichi."

"Nilipimiwa. Mimi si gunia la alizeti."

Yule wa bodaboda alicheka. Alikuwa mtu mzima, karibu umri wangu, na koti lake alilivaa mbele nyuma kama wafanyavyo wote kukinga kifua. Alipoona namtazama akajifanya anakagua tairi.

Lazima nieleze kuhusu kupima. Kazi yangu ni kutengeneza mizani, hasa ya wanunuzi wa alizeti na kuku. Sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kufungua mizani mibovu na kwa kusoma vitabu vya mitumba, na mazoea ya kazi humfuata mtu mpaka nyumbani. Mke wangu alikuwa Ulemo siku ya sita, kwa mdogo wake aliyejifungua, na mimi ndiye niliyekuwa mpishi. Niliweka mizani ndogo juu ya kabati la jikoni. Unga gramu mia mbili kwa mtu, maharage gramu mia. Masalio ya mama niliyapima pia, kwa sababu alikuwa anaacha karibu theluthi mbili ya sahani kila siku, na jambo hilo lilinitia hofu. Nililiandika kwenye daftari. Sikujua kwamba alikuwa ananiona.

"Mama, kula kwanza," nilisema. "Kula mchana, ushibe, ndipo uamue."

Alifikiri, upepo ukimvuta vitenge.

"Nikishiba, nabaki. Nisiposhiba, huyu ananipeleka."

"Sawa. Nikupikie nini?"

"Usiniulize. Ungekuwa unajua, nisingekuwa nimefunga furushi." Akamgeukia yule wa bodaboda. "Baba, utaningoja?"

"Nitangoja, bibi. Ila kungoja nako kuna bei."

"Atalipa huyo," alisema, akanielekezea kidevu.

Nilikaa kwenye kigoda nikachagua kwa utaratibu. Supu ya kuku niliiondoa kwanza: mama anaamini supu ni ya mgonjwa, na ningempa angedhani nimemwona mgonjwa. Makande yangetaka muda wa saa nne nzima motoni. Wali ulishafukuzwa jana. Viazi vitamu anavipenda, lakini humjaza tumbo upepo, na upepo tulikuwa nao wa kutosha.

Kisha nikaacha kufikiria vyakula, nikafikiria baridi. Nilipokuwa mdogo, asubuhi za mwezi wa saba kule Ilongero, kabla hatujatoka na ng'ombe, mama alitupikia ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Tulikula chunguni, tumekaa karibu na moto kiasi kwamba miundi yetu ilikuwa na madoa mpaka mvua zianze. Yeye alikula mwisho, akikwangua ukoko, na kwa kuwa ukoko ulikuwa mzuri kuliko ugali, tulihisi anatuibia.

Uamuzi ukawa huo. Unga wa uwele nilinunua kilo mbili kwenye duka la nafaka. Mlenda mkavu uliosagwa haukuwapo pale, nikaenda kwa jirani, mama mmoja Mnyiramba ambaye mke wangu na yeye ni kama ndugu, na ambaye huniita shemeji.

"Shemeji, una mlenda mkavu?"

"Upo kidogo. Ule wa mama yako. Mwingine mmeumaliza jana."

"Tumeumaliza nani?"

Akaweka kiganja mdomoni, lakini macho yalikuwa yanacheka.

"Shemeji, mama yangu anakula hapa?"

"Mimi sijasema."

"Umesema."

"Basi kila siku, saa nne. Anasema anakuja kunisalimia. Na salamu zenyewe, shemeji, zinashiba!"

Hapo daftari langu likaeleweka lote. Theluthi mbili za masalio! Nilikuwa nimekesha na kitabu cha lishe kutafuta ugonjwa gani huondoa hamu ya kula kwa mtu ambaye mashavu yake yananawiri.

Kwa wakati ule, hata hivyo, nilikuwa na tatizo la hesabu. Saa nne ilikuwa inakaribia. Mama akija hapa, atashiba. Akishiba hapa, hatashiba kwangu. Asiposhiba kwangu, turubai.

"Shemeji, leo ufunge jiko."

"Nimfungie mama mkubwa mlango? Na baridi hii?"

"Nenda sokoni. Rudi saa saba."

"Sokoni sina shida nako." Alitazama juu ya uzio, upande wa kwangu, ambako kuku wangu walikuwa wanachakura. "Labda kama ningekuwa na kuku wa kumpa mwenzangu kule. Mfano yule jike mwenye manyoya miguuni."

"Yule anataga."

"Ndiyo maana namtaja huyo."

Nilimkamata mwenyewe na kumpitisha juu ya uzio kwa mikono yangu, kimya kimya. Nilidhani nimefanya biashara nzuri. Nilipaswa kuuliza swali moja zaidi, lakini sikuuliza.

Saa nne na dakika tano mama alitoka kwenda "kusalimia". Saa nne na dakika kumi na mbili alirudi, uso umekunjamana.

"Amefunga. Ati kaenda sokoni. Siku ya leo!"

"Watu wana shughuli, mama."

Aliniangalia, akaangalia uani. "Yule kuku mwenye manyoya miguuni yuko wapi?"

"Anatembea."

"Hm," alisema. Akatandika mkeka ukutani penye jua, akakaa na furushi lake mapajani. Yule wa bodaboda naye akasogeza pikipiki pale, wakawa wananitazama kama watu waliokata tiketi.

Jiko la mkaa lilikuwa linawaka vizuri. Nilichemsha maji, nikatia magadi kidogo, nikanyunyizia ule unga wa mlenda huku nikizungusha upekecho kati ya viganja, kama nilivyomwona yeye akifanya. Ulianza kuvuta. Nilifurahi. Halafu, kwa sababu nimewahi kusoma kwamba sufuria iliyofunikwa hupunguza mkaa kwa kiasi kikubwa, nikaufunika, nikageuka kutwanga karanga.

"Amefunika!" mama alisema kule nje, kwa sauti ya mtu aliyeona mwizi.

"Umejuaje?" aliuliza wa bodaboda.

"Nimesikia mfuniko. Mlenda haufunikwi! Hata mtoto wa jana—"

Hakumaliza. Povu la kijani liliinua mfuniko, likateremka pande zote, likazima mkaa kwa mlio ambao waliusikia nje pia. Moshi ulijaa jikoni. Nilipotoka nikikohoa, yule wa bodaboda alikuwa ameinamia tangi la pikipiki, mabega yanamtikisika.

"Bibi," alisema alipopata pumzi, "niwashe?"

"Ngoja kwanza," alisema mama. "Nataka nione ugali."

Mlenda ulibaki nusu sufuria. Niliwasha kuni nyuma ya nyumba, kwenye mafiga matatu yanayokinga upepo, nikabandika maji ya ugali. Nilikuwa nimeshapima unga: gramu mia sita, sisi wawili pamoja na mgeni. Unga wa uwele, nikajifunza siku hiyo, haufuati gramu. Hunywa maji kwa namna yake. Ulikuwa mwepesi, nikaongeza. Ukawa na mabonge, nikasukuma. Sufuria ikazunguka na mwiko, kwa kuwa sikuwa na wa kunishikia.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikujua tangu lini.

"Unapiga chapuo?" aliuliza.

"Nasonga, mama."

"Huko ni kusonga? Unaupigia ugali mlango! Kandamiza. Kandamiza pembeni. Si hivyo! Ooh, Mungu wangu, unga wa watu huu."

"Mama, makubaliano ni mimi nipike."

"Nani kasema?"

"Wewe."

"Mimi nilisema nikishiba. Toka."

Alinipokonya mwiko. Aliikanyaga ncha ya kuni kuisogeza ndani, akashika sufuria kwa pindo la kitenge, na ule mkono mwembamba niliokuwa nikiuandikia daftari ukaanza kufanya kazi. Alikandamiza, akageuza, akakandamiza. Mabonge yalikwisha moja baada ya jingine. Alitia unga kwa kuchota kwa kiganja, bila kuangalia. Akavuta sufuria ya mlenda, akaonja kwa ncha ya kidole, akatia karanga zangu zote, akatema neno moja la Kinyaturu ambalo sitaliandika hapa, kisha akapekecha mpaka ukavuta tena.

Na alikuwa anaimba. Si kwa sauti, bali puani tu. Tangu aje kwangu, wiki tatu, sikuwa nimemsikia akiimba.

Ndipo jirani alipotokea kwenye uzio, amerudi mapema, hana kikapu chochote.

"Ooh, leo kapika kwa mwanawe!" alisema. "Basi kesho mimi nitakula nini?"

Nilimtazama. "Anapika yeye kwako?"

"Kila siku, shemeji. Mimi namkatia nyanya tu. Kwani hukujua? Alisema kwako haruhusiwi kushika mwiko, ati ni mgeni."

Hilo ndilo swali ambalo sikuuliza. Ni kweli, siku ya kwanza mke wangu na mimi tulimwambia: mama, wewe pumzika, ukae juani. Tuliona ni heshima. Mke wangu aliondoka, mimi nikaongeza mizani. Mama alikubali kupumzika kwa siku mbili, kisha akatafuta mafiga mengine.

Tulikula pale nyuma ya nyumba, tumeuzunguka ugali, na jirani akapita kwenye geti akaongeza mkono wake bila kualikwa. Ugali ulikuwa wa kijivu, moto mpaka ukiumega unapuliza vidole. Mlenda ulifuatana na tonge mpaka kidevuni. Mama alikula tonge tisa. Nilihesabu, lakini kichwani. Ukoko aliukwangua akaugawa vipande vinne, nami kwa mara ya kwanza nikapata wangu bila kugombana na mtu.

"Umeshiba, mama?" niliuliza.

"Nimeshiba. Lakini nimepika mwenyewe, kwa hiyo umeshindwa."

"Ulisema ukishiba unabaki. Hukusema nani apike. Umesema mwenyewe pale kwenye mwiko."

"Nilisema hivyo nipate mwiko."

Tukamgeukia yule wa bodaboda, ambaye ndiye shahidi pekee wa makubaliano. Alikuwa ameegemea ukuta, koti lake lililo mbele nyuma limefunguliwa mgongoni kwa shibe.

"Bibi," alisema, "mimi nilitaka nauli, Mungu shahidi. Lakini kwa ugali huu, nikikupakia sasa tutalala njiani. Mimi siendeshi. Kaa kwa mwanao."

"Na nauli yako?"

"Kaka atanipa ya kungoja."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo. Kisha akasema masharti yake, haraka, kama mtu aliyeyaandaa tangu asubuhi. Atabaki mpaka ukuta wa Ilongero usimame. Jiko ni lake, mke wangu akiwepo au asiwepo. Yeye mwenyewe ataongea naye, nisijaribu. Mizani irudi kwenye karakana. Na kitu kingine kisipimwe humu ndani isipokuwa dawa.

"Na kuku?" aliuliza mwishoni.

"Kuku gani?"

"Anayetembea."

Jirani alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu ameacha motoni, akaaga. Sikumdai kuku wangu. Makubaliano yalikuwa afunge jiko, na jiko alilifunga.

Furushi nilimrudishia mama chumbani mwenyewe. Lilikuwa jepesi ajabu, na nilipoliweka kitandani likafunguka: kanga moja, na upekecho. Sikumuuliza kama kweli alikusudia kuondoka. Nilifunga tena vilevile.

Jioni nilimpigia simu dada, nikamwambia mama yupo, amekula, anaendelea vizuri. Akauliza amekula nini, nikamwambia. Akauliza nani kapika, nikamwambia mtandao unasumbua.

Kisha nikakaa karakanani, mizani mbele yangu, nikafanya hesabu ya siku. Kuku anayetaga, elfu kumi na tano. Bodaboda kungoja, elfu tano. Unga wa uwele kilo mbili, elfu tatu na mia tano. Nauli ya Ilongero ambayo haikulipwa, elfu kumi, nikaitoa. Hasara, kwa ujumla: shilingi elfu kumi na tatu na mia tano.