Mkwe Wangu Uwanjani

Nilichaguliwa kucheza mpira wa kikapu siku niliyokwenda misheni kuuza viazi. Padre alinitazama kuanzia miguuni akapanda taratibu mpaka kichwani, akaniambia nirudi Jumamosi. Nilidhani anataka viazi zaidi. Jumamosi nikatoka nyumbani na gunia zima begani, nikafika Njombe nimelowa ukungu na jasho, nikakuta vijana wenye kaptula wanadunda mpira chini ya pete ya pipa iliyopigiliwa kwenye nguzo ya mkaratusi. Padre alichukua viazi, akanipa kaptula.

Wengine pale walikuwa na mbio, wengine walikuwa na shabaha. Mimi nilikuwa mrefu, basi. Mpira ulionasa juu ya paa la kanisa niliushusha mimi, na kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa mchango wangu mkubwa kwa timu. Mama, Mlutheri asiyekosa ibada, aliogopa nitarudi na rozari. Nikamwambia asihofu, hata mpira wenyewe ulikuwa haujanikaa mkononi.

Enzi hizo za Mwingereza timu haikumlipa mchezaji, ilimpa kazi. Kwa hiyo urefu wangu ulinitembeza. Boma walinipa utarishi, wakaninyang'anya baiskeli yao nilipokosa kikapu cha wazi mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, na mbwa wake. Nasema kwa hakika kwamba mbwa alicheka. Nikaenda Makambako, kambi ya barabara, nikapewa sururu. Huko nako walichoka nami, nikachukuliwa na kiwanda cha magome ya miti ya miwati, ambako msimamizi alikuwa hajawahi kuniona nikicheza. Kila mahali nilipokewa kwa shangwe na kuagwa kimya kimya.

Lakini Makambako ndiko nilikompata msichana wa Kitandililo aliyekuwa akileta maharage kambini. Aliniuliza kama huko juu kuna baridi zaidi. Tangu siku hiyo nikawa sina raha mpaka nimwone. Nilipohamia kiwandani nilituma mshenga. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na neno la mwisho lilikuwa la baba yake mdogo, kijana wa rika langu hasa, mfupi, mwenye mabega ya ng'ombe wa jembe. Naye alikuwa ameingia timu ya kambi ya barabara baada ya mimi kuondoka. Mshenga alirudi na jibu kwamba wazee watakaa baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno kiwanda kikapangiwa kucheza na kambi ya barabara, Makambako, Jumapili baada ya ibada.

Kocha wetu alikuwa karani wa stoo, mtu wa Tabora. Alinionyesha kwa kidole yule mwenye mabega. "Wewe mrefu, yule ni wako. Asipite."

"Bwana, yule ni mkwe wangu."

"Ameshakupa mke?"

"Bado."

"Basi si mkwe. Mzuie."

Mtu wa Tabora angejuaje? Kwetu mkwe ukimwona njiani unatoka njiani. Humgusi bega, humkatizi mbele, humpandishii sauti. Sasa mimi nilitakiwa nimbane kifua kwa kifua, nimnyooshee mikono usoni, mbele ya ukoo wake wote uliokuwa umekaa kwenye nyasi pembeni! Nilimtaka yule msichana kuliko kazi, kuliko kiwanda, kuliko mpira wote duniani. Nikaamua kwamba ukoo utaona leo kijana mwenye adabu.

Waliona. Baba mdogo alipokuja na mpira niliinama kidogo, nikamwamkia, "Kamwene, baba," nikasogea kando. Akafunga. Akaja tena, nikampisha tena, safari hii nimeweka mikono nyuma. Akafunga. Mara moja tuligongana kwa bahati mbaya nikamwomba radhi kwa muda mrefu, na wakati naendelea kuomba alikuwa ameshafunga. Watu wa Makambako walicheka mpaka wakalala kwenye nyasi. Karani wa stoo alikaa chini akajifunika uso kwa kofia. Mimi nilitoka uwanjani kifua mbele. Nilijua nimeposa vizuri.

Kesho yake sikuwa na kazi. Baada ya mavuno mshenga akarudi na jibu, akakataa hata kukaa. "Wamekataa. Yule baba mdogo kasema mtu asiyeweza kulinda pete ya pipa atalindaje nyumba."

Nililia, sifichi. Nilijiona nimemheshimu mtu ambaye kwake mimi nilikuwa bado mpita njia tu.

Nikarudi misheni kwa kuwa sikuwa na kwingine. Padre alikuwa amekwisha kuona mengi ya kwangu. Hakunipa kaptula, alinipa filimbi. "Kaa pembeni, fundisha," akasema. Ndivyo nilivyokuwa kocha. Wengi hupandishwa kufika hapo. Mimi nilifika kwa kushushwa.

Na ajabu ni kwamba niliweza. Kufundisha kupiga mpira sikujua, lakini jambo moja nilikuwa nimelijua kwa uchungu. Kabla ya kila mchezo niliulizia: nani kaoa wapi, nani ni shemeji wa nani, nani ana mkwe upande wa pili. Vijana wangu sikuwapanga kwa mbio, niliwapanga kwa ndoa. Aliyeoa kwa mtu wa upande wa pili sikumweka karibu na mtu huyo. Na wa upande wa pili aliyeoa kwetu, nilimwekea mkwe wake mbele ya macho. Boma tuliwafunga. Kiwanda tuliwafunga, karani wa stoo akinitazama kama amemwona mzimu. Watu wakaanza kusema yule mrefu ana dawa.

Halafu ikaja zamu ya kambi ya barabara. Niliulizia kama kawaida, nikapata habari iliyonikosesha usingizi kwa furaha: yule mwenye mabega alikuwa ameoa juzi tu, tena amemwoa binti wa fundi seremala wetu wa misheni.

Fundi seremala alikuwa mzee wa tumbo na kikohozi, hajawahi kushika mpira. Nilimpigia magoti. "Baba, usimame tu. Akija, simama."

"Na mpira?"

"Mpira usikuhusu."

Makambako walipiga kelele walipomwona akiingia na buti za kazi. Mwenye mabega akaja mbio na mpira, akainua macho, akamwona baba mkwe wake amesimama chini ya kikapu mikono kiunoni. Alisimama ghafla mpaka vumbi likampita. Akainama. "Kamwene, baba," akasema, na mpira ukadunda wenyewe ukaenda zake. Vijana wangu wakauokota, wakafunga upande wa pili. Ikawa hivyo mpaka jioni. Mzee hakupiga hatua hata moja, ila alikohoa, na kila alipokohoa mkwewe alirudi nyuma. Mke mpya wa mwenye mabega alikuwa kwenye nyasi pamoja na ukoo, kanga mdomoni.

Tulipomaliza mwenye mabega alinifuata, jasho linamtoka. Nilijua atanipiga, na kwa mabega yale nilianza kutafuta pa kuangukia.

"Nilisema huna mkono wa kulinda nyumba," akasema. "Leo mke wangu kaniona na mimi sina. Nikishikilia neno langu, na yeye ana haki ya kurudi kwao." Akatazama chini. "Lete watu wako Jumamosi."

Nilimshika mkono, nikauachia haraka, kwa kuwa sasa alikuwa mkwe kweli.

Yule msichana wa maharage alikuwa amesimama kando ya barabara na wenzake. Nilimwendea, nikamweleza habari yote: jinsi nilivyompisha baba yake mdogo kwa ajili yake, jinsi nilivyoulizia ndoa za wilaya nzima, jinsi nilivyompanga fundi. Nilitarajia sifa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ya kwanza ungemzuia tu," akasema. "Alikuwa ameshakukubali. Asubuhi yake alituambia nyumbani, akifunga viatu, kwamba anakwenda kucheza na mkwewe."

Nilisimama pale na filimbi shingoni. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikupigia kelele mchezo mzima," akasema. "Mzuie, mzuie! Lakini ulikuwa umeinama."