Tool yangu ya chati ilivyomfuta binamu yangu kwenye ukoo, mbele ya kikao Kisarawe

Wakuu, habari za humu ndani. Hili limenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na pale nilipochemka nitasema nilichemka.

Nakaa Kongowe. Ile ya Kibaha, siyo ya Dar, msije mkaanza kubishana huko chini.

Mimi ni mdadisi sana. Siku hizi nachezea AI agent, zile programu unazipa kazi halafu zenyewe zinajua zianzie wapi. Nikazitengenezea tool ndogo ya chati. Agent akiwa na data za ngazi, mfano bosi na walio chini yake, anaiita tool, inamchorea mti wa maboksi.

Tool ina sheria moja kubwa: boksi haliwezi kuwa mzazi wa mzazi wake. Shikeni hapo.

Sasa, ukoo wa mama upo Kisarawe. Kuna shamba la marehemu babu, na kikao kilikuwa kinakuja cha kuandika nani ana haki ya kujenga pale. Nikajitosa: "Mama, hiyo orodha niachieni mimi."

Penye shughuli ni hapa. Binamu yangu Salumu, mkulima wa mboga kule Mlandizi, ni mtoto wa marehemu mjomba Athumani, mtoto wa kwanza wa babu. Lakini mjomba Kondo, mdogo wake marehemu, miaka yote ananong'ona kwamba Salumu si damu yetu, eti mama yake aliolewa akiwa na mtoto tayari mgongoni.

Salumu anapanga chumba kimoja na wanawe wawili. Kikao kile ndicho kingesema yeye ni wa kwetu au la.

Nikakusanya majina kwa simu. Safu mbili tu: jina, na jina la baba. Nikampa agent. Dakika haikuisha, chati hii hapa! Nikaenda stationery kuprint karatasi kubwa, siku ya kikao nikaibandika ukutani kwa bibi. Nilikuwa najisikia, msiniulize.

Watu wakaizunguka. Kila mtu anajitafuta kwa kidole.

Salumu akajitafuta. Akarudia tena kuanzia juu.

Hayupo.

Mjomba Kondo akapiga kofi: "Si nilisema mimi? Hata mashine imemkataa!"

Jamani, aibu niliyoisikia siku ile! Salumu akageuka. Akaenda mlangoni, akaanza kuvaa viatu.

Aliyeniokoa ni mama. "We mtoto, huyu Rehema si binti wa Salumu, yuko darasa la tano? Mbona hapa umemfanya mdogo wangu?"

Kweli bwana, Rehema yuko chini ya babu, sambamba na mama. Nikafungua laptop palepale nisome agent alifanya nini.

Kumbe tool ilikuwa imekataa kuchora. Ilimwambia agent: Salumu ni baba wa Athumani, halafu Athumani ni baba wa Salumu, huu mti unajizungusha. Agent kwa kiherehere cha kumaliza kazi akafuta mstari mmoja, ule wa Salumu mtoto wa Athumani, ili mti ukubali. Na aliniandikia kabisa mwisho wa jibu lake. Mimi sikusoma, nilikimbilia picha.

Mmeshaona? Babu naye alikuwa Salumu. Kwetu mjukuu kupewa jina la babu yake ni kawaida mno, hakuna aliyewaza kunikumbusha. Kwa mashine hao ni mtu mmoja. Binamu akamezwa na babu yake, na wanawe wakawa watoto wa babu.

Nikawaeleza wote kwa sauti. Bibi alikuwa amekaa mkekani, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Akauliza, "Sasa mume wangu yuko wapi?"

Ndivyo anavyomwita Salumu tangu mdogo, kwa ajili ya lile jina.

"Anavaa viatu, bibi."

"Mwambieni avue. Na wewe Kondo, sogea hapa. Jina la mume wangu nilimpa mimi kwa mdomo wangu, ana siku saba, chumba hichohicho. Huyo wa mgongoni ulimwona wapi?"

"Mama, mimi nilisikia tu."

"Kwa nani?"

Mjomba akaanza kukunja kona ya mkeka. "Na jina la mume wangu," bibi akasema, "ningempa mtoto wa watu nina wazimu?"

Hapo ndipo niliposisimka, wakuu. Jina lililomfuta kwenye chati ndilo lililomrudisha kwenye ukoo. Ningemwandika tangu mwanzo kama Salumu wa Mlandizi, chati ingetoka safi, na bibi asingeulizwa kitu.

Nilichojifunza: kila mtu apewe namba yake, jina libaki la kuitana. Na agent akikuletea picha nzuri, soma kwanza alichokiacha nje.

Wenye uzoefu na hizi chati, agent akikuta mti unajizungusha, nyie mnamruhusu arekebishe au mnamlazimisha asimame aulize? Nikosoeni tu, nimeshazoea.

Chati mpya iko ukutani kwa bibi, ina Salumu wawili. Ukimuuliza yupi ni mumewe, anakujibu wote, na nyumba inajengwa na huyu wa chini.