Chumvi ya Mahindi

Mama hakujua Kiswahili, nami nilikijua kwa kujidai. Ndiyo maana bwana shamba alipofika kwetu, kijiji kipya cha ujamaa njia ya Bukiriro, nikawa mkalimani nikiwa darasa la tano.

"Mwambie mama hii ni mbolea ya chumvichumvi," alisema akifungua mfuko. "Aiweke kwenye mashina ya mahindi. Na ikae mbali na mifugo, ni sumu."

"Anasema ni umunyu wa mahindi," nikamwambia mama kwa Kihangaza, yaani chumvi ya mahindi. Mengine niliyaruka. Wenzangu walinisubiri tukacheze rede.

Mama aliitumia msimu mmoja, akaiacha. Alisema mahindi yanakua kwa pupa na udongo unabaki mgumu vilevile. Tulipohamishwa tuliacha kule mlimani migomba iliyolishwa samadi tangu enzi za bibi yake, na kwenye changarawe hii alitaka kuianzisha upya kwa ng'ombe mmoja tu tuliyebaki naye. Kila asubuhi alibeba samadi kwa kikapu, akaimwaga, akaifunika kwa nyasi. Majirani walimcheka. Migomba iliponenepa, hao hao wakaja kuomba machipukizi.

Vita vikaja. Malori yakaenda mpakani, chumvi ikaadimika dukani, tukala maharage yasiyo na ladha. Sisi tulivumilia, lakini ng'ombe wetu alizoea maji ya chumvi, na mama alimpenda kuliko sisi, sisemi uongo. Akakumbuka ule umunyu uliobaki kwenye kibuyu. Akaukoroga kwenye maji, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe.

Nilipotoka shule nilimkuta ng'ombe amelala, tumbo limevimba, hapumui. Mama alikuwa amekaa chini, amekipakata kichwa chake.

"Mwanangu," aliniuliza, "yule bwana hakusema lolote juu ya ng'ombe?"

Nilijua hapo hapo nilichokifanya.

"Hakusema, mama."

Hatukupata ng'ombe mwingine. Mama alikusanya majivu, maganda na majani ya maharage, akayafukia mpaka mgongo ukapinda, lakini migomba ilikonda mmoja mmoja. Alimlaani bwana shamba hadi siku alipofariki. Na kila alipomlaani, mimi niliitikia.